Upelelezi Haujakamilika

Mimi nina hasira, sikatai. Soko zima la Tunduma linanijua: nipunje kipimo cha mchele uone kama mtaa hautasikia. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, “Loisi, wewe ukikasirika hata malori ya mpakani yanakupisha.” Lakini kwa miaka minne hasira hiyo niliing’ata kwa meno, kwa sababu mdogo wangu Lusubilo alikuwa mahabusu, na kila mtu mwenye kujua mambo hayo aliniambia neno lile lile: ukipiga kelele huku nje, atakayeumia ni yeye kule ndani. Basi nikanyamaza. Nyie hamjui mtu kama mimi kunyamaza ni kazi kiasi gani.

Na Mungu naye ana mizaha yake. Kazi niliyoipata baada ya kufiwa na mume wangu ilikuwa kutembeza wageni kwenye jela. Sio jela ya kweli, jamani. Ni lile jengo la mawe lililojengwa na Mwingereza, vyumba viwili na kiua, hatua chache kutoka barabara ya malori ya kwenda Zambia. Halmashauri ililipaka chokaa, ikatundika kibao mlangoni: MAKUMBUSHO YA MAHABUSU YA ZAMANI. Ndani tuliweka pingu za zamani, mnyororo wa miguuni, na ile ndoo ya haja ambayo wafungwa huiita mtondoo. Nilikuwa na maelezo yangu niliyoyakariri, na mwisho wa maelezo niliwaingiza wageni chumba cha pili, chumba cha giza, nikawafungia kidogo kwa kufuli lile kubwa ili waonje. Wakitoka, kila mmoja alisema jambo moja: “Lo, watu wa zamani waliteswa kweli!”

Zamani! Nilikuwa naitikia, “Kweli kabisa,” huku nimeshika ufunguo. Jumapili inayofuata nilikuwa nakwenda gerezani na mfuko wa karanga kumwona mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa ananiambia wamelala wangapi kwenye chumba kimoja, na kwamba zamu ya kubeba mtondoo wiki hiyo ilikuwa yake.

Ngoja nieleze kosa lake, msije mkadhani namtetea muuaji.

Lusubilo alikuwa akichimba dhahabu Galula na mwenzake mmoja anaitwa Rabson. Waligombana juu ya shimo, nani alilianza, nani anastahili nini. Mzee wa kanisa akawakalisha chini, wakasemezana, wakapeana mikono, wakala ugali sahani moja. Siku ya pili yake Rabson akakutwa amekufa chini ya shimo, udongo umemwangukia. Ama umemwangukia, ama kuna mtu alimsukuma. Mpaka leo hakuna ajuaye. Polisi wakamkamata Lusubilo wakamwuliza, “Wewe si ulikuwa na ugomvi na marehemu?” Naye akajibu kwa Kiswahili chetu cha milimani, “Ugomvi ulikuwepo afande, lakini nilishammaliza.”

Sisi ni Wandali wa Mbebe, kule Ileje. Kiswahili tumekikuta shuleni, na shule yenyewe Lusubilo aliiacha darasa la tano. Kwetu, mtu uliyepatana naye unasema umemmaliza, maana umemaliza naye, hamdaiani neno, mmekwisha kusameheana. Mama yetu husema hivyo kila siku: “Yule jirani nimemmaliza,” na jirani yupo hapo anakunywa chai. Lakini yule askari hakutoka Mbebe. Angesema “nilishamalizana naye,” angerudi nyumbani. Kalamu ilipoandika “nilishammaliza,” ikawa amekiri. Mdomo huponza kichwa, waliosema hawakukosea. Mauaji hayana dhamana, kwa hiyo akawekwa ndani kusubiri upelelezi.

Na upelelezi haukukamilika. Kila wiki mbili walimleta mahakamani, nami nilikaa benchi la nyuma. Wakili wa serikali, Bwana Hezron, mtu mnene kiasi mwenye sauti nzuri ya kwaya, alisimama na kusema, “Mheshimiwa, shauri limekuja kwa kutajwa. Upelelezi haujakamilika. Tunaomba tarehe nyingine.” Hakimu alitoa tarehe. Basi. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Mara ya mwisho nilimwona Lusubilo kizimbani akitikisa midomo pamoja na Hezron, neno kwa neno, kama anayeitikia sala. Halafu akakohoa. Kikohozi kile sikukipenda. Mwaka mmoja kabla, kijana aliyelala naye mkeka mmoja alianza kukohoa hivyo hivyo, akatoka kwa machela, ameshakufa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Niliona wazi kwamba mdogo wangu hatahukumiwa. Atakufa tu akisubiri.

Wiki ile ile Zabron akaja na habari za wageni.

Zabron ndiye alikuwa bosi wangu, ofisa utamaduni, mtu wa kupenda mambo yaende bila vumbi. Akasema kuna kamati inazunguka mikoani kukusanya maoni ya wananchi ili sheria za mahabusu zirekebishwe, na mwenyekiti wake ni jaji mstaafu, Mama Fortunata. Watapita makumbusho yetu kabla ya mkutano. Na wenyeji wao, wakuu wa hapa wilayani, watafuatana nao.

“Loisi,” akaniambia, “nakujua. Wewe utaeleza mambo ya Mwingereza. Ukifika uhuru, simama hapo hapo. Neno moja la mdogo wako, kazi huna, na mimi sina. Tumeelewana?”

“Na wao wamekuja kutafuta nini, bosi, kama si mambo ya wadogo zetu?”

“Kwa hayo kuna mkutano. Utaandikisha jina, watakuita.”

Nilikuwa nimekwisha kujiandikisha. Waliniambia nafasi zimejaa.

Siku yenyewe ikafika. Baridi ya Juni, upepo wa vumbi, foleni ya malori inanguruma mpaka huko. Magari meupe yakasimama. Akashuka Mama Fortunata, mama mfupi wa nywele nyeupe, viatu vya kawaida kabisa, akanipa mkono na kuniuliza habari za nyumbani kama mtu wa kwetu. Wakashuka wajumbe wake watatu. Na nyuma yao, kwenye suti ya bluu, nani? Hezron. Hezron hakunijua hata kidogo. Miaka minne nakaa nyuma yake, na alinipita akisema, “Shikamoo dada,” kwa utani, akacheka.

Nilieleza. Nilieleza vizuri, Mungu shahidi: pingu hizi, mnyororo huu, watu walioshindwa kodi ya kichwa walifungwa humu bila kusikilizwa. Mama Fortunata akauliza, “Walikaa muda gani kabla ya kupelekwa mbele ya hakimu?”

“Wengine miezi mitatu, Mheshimiwa.”

“Miezi mitatu!” akasema mjumbe mmoja. “Ukatili gani huu?”

Nilimtazama Hezron. Alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko. Anasikitika, yeye! Nikahisi kitu kinanipanda kifuani. Zabron akanikazia macho, nikakimeza.

Tukafika chumba cha pili. Zabron akasema, “Hapa tutachungulia tu, waheshimiwa wasichafuke.” Lakini Mama Fortunata akasema hapana. “Nimesikia huwa unawafungia wanafunzi. Tufungie na sisi. Nimehukumu watu miaka mingi, sijawahi kufungiwa.” Wakaingia wote watano, yeye, wajumbe wake na Hezron, huku wakijisukuma na kucheka. Nikavuta mlango wa mbao, nikapiga kufuli. Mlangoni kuna kidirisha cha nondo, upana wa viganja viwili, basi. Nje tulibaki mimi, Zabron, askari mmoja wa msafara, na wanawake wa sokoni waliokuja kuangalia wakubwa.

Nawaapia, nilikuwa nimepanga kuwafungulia. Ufunguo ulikuwa tayari umeingia kwenye kufuli. Ndipo nikasikia ile sauti ya kwaya kutoka gizani:

“Jamani, mbona hatufunguliwi? Au upelelezi haujakamilika?”

Wakacheka ndani. Hezron mwenyewe alicheka zaidi ya wote.

Nikauchomoa ufunguo.

Sikufikiri. Anayesema nilifikiri ni mwongo. Nilimwona Lusubilo akitikisa midomo, nikasikia kile kikohozi, na mtu yule ndani anacheka. Nikasogea kidirishani nikasema kwa sauti ya mahakamani, “Ndiyo, Mheshimiwa wakili. Shauri lenu limekuja kwa kutajwa. Upelelezi haujakamilika. Nawapa tarehe nyingine.”

Wakacheka tena. Walidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Zabron hakucheka. “Loisi,” akasema polepole, “fungua.”

“Bado.”

“Loisi, nakuomba, fungua mlango!”

Askari akanijia mkono mbele. Mimi nikafanya jambo moja ambalo mwanamke yeyote wa sokoni angelifanya: nikautumbukiza ufunguo ndani ya sidiria. Akasimama. Akatazama huku na huku kutafuta askari wa kike, hakuwepo. Wanawake wakaanza, “Mayo! Mguse uone! Weka huo mkono wako, baba, tuukate!” Akarudi nyuma, akashika redio yake.

Ndani kicheko kilikuwa kimekwisha. Nilisikia mtu anasukuma mlango, kisha anaupiga kwa kiganja. Mjumbe mmoja akasema kwa sauti iliyopanda, “Mbona hewa hakuna humu?” Nilijua nimekwisha. Nilijua pia kwamba nikifungua wakati ule nitakuwa nimekwisha bure.

Uso wa Hezron ukaja kwenye nondo. “We mwanamke una wazimu? Unajua sisi ni nani? Huwezi kuwafungia watu bila sababu!”

“Sababu ipo,” nikasema. “Ushahidi ndio tunautafuta. Jalada liko kwa wakubwa, halijarudi.”

“Utafungua lini?”

“Ukikamilika.”

“Utakamilika lini?”

“Hilo, Mheshimiwa, hata wewe hujawahi kunijibu.”

Akashika nondo kwa mikono miwili. Alikuwa amevimba mishipa ya shingo, na alisema maneno ambayo kila mtu kwenye kile kiua aliyasikia, askari, Zabron, wanawake, na wenzake nyuma yake gizani:

“Nikitoka humu nitakumaliza! Wallahi nakuapia, nitakumaliza!”

Mimi mwenyewe nilipigwa na butwaa, kwa sababu neno lile nililitafuta miaka minne bila kujua litatokea wapi, na sasa huyu mtu ananiletea mwenyewe, kwa mdomo wake.

“Mmesikia?” nikasema. “Mmesikia wote? Amesema atanimaliza. Kesho nikianguka kwa malaria, mkamkamateni. Amekiri.”

“Usinigeuzie maneno!” akafoka. “Hiyo ni kauli ya hasira tu! Maana yake nitakushughulikia kisheria!”

“Ala! Kumbe neno lina maana yake?” Hapo machozi yalinitoka na sikuyafuta. “Kumbe mtu huulizwa, ulikuwa na maana gani? Wewe umesema, tena umeapa, na papo hapo umepata nafasi ya kujieleza. Mdogo wangu alisema ‘nilishammaliza,’ maana yake tumesameheana, kama mama yetu anavyosema, kama Mbebe nzima inavyosema. Nani alimwuliza maana yake? Miaka minne unasimama na kukaa, unasimama na kukaa. Anakohoa damu kule ndani. Uliwahi kumwuliza hata mara moja?”

Hezron akaondoka kidirishani, na mahali pake ukaja uso wa Mama Fortunata. Hakuonekana kuogopa. Alionekana mzee kuliko alivyoingia.

“Loisi mwanangu,” akasema, “mdogo wako anaitwa nani?”

“Lusubilo, Mheshimiwa. Lusubilo mwana wa Marita, wa Mbebe.”

Akalirudia jina. Akaniuliza shauri liko mahakama gani, tangu lini, nani alimtafsiria polisi. Nikamwambia hakuna aliyemtafsiria, kila mtu alidhani anajua Kiswahili.

“Mimi ni mstaafu,” akasema. “Sina amri ya kumtoa mtu, sitakudanganya. Na hiki ulichokifanya ni kosa, utashtakiwa. Unajua?”

“Najua, mama.”

“Basi fungua, ukashtakiwe.”

Nikageukia ukuta, nikautoa ufunguo, nikafungua.

Walitoka wakifumba macho kwa mwanga. Hezron alipita mbele yangu bila kunitazama. Suti yake ilikuwa na chokaa mgongoni. Askari akanifunga pingu. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba naolewa, nami nikawaambia, “Nyamazeni, nyie, mtaniongezea kosa.”

Nililala kituoni, nikaachiwa kwa dhamana ya mchungaji wetu. Kazi iliota mbawa siku hiyo hiyo. Zabron alihamishwa, na hilo linaniuma mpaka leo, maana hakuwa mtu mbaya. Makumbusho yakafungwa “kwa ukarabati.” Lakini usiku mmoja mtu asiyejulikana alichukua mkaa akalifuta neno ZAMANI kwenye kibao. Sio mimi. Ningekuwa mimi ningesema.

Tarehe ya Lusubilo ilipofika, mahakama ilijaa watu ambao hawana kesi. Habari za Tunduma hazihitaji gazeti. Mdogo wangu akapanda kizimbani, amekonda, shati linamning’inia. Hezron akasimama. “Mheshimiwa, shauri limekuja kwa kutajwa. Upelelezi...”

Akasita. Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri. Akapekua karatasi zake. Akakohoa kusafisha koo. “Upelelezi...” akasema tena. Hakimu akavua miwani. “Ndiyo, bwana wakili? Upelelezi una nini?” Hezron akaomba kwa sauti ndogo apewe siku saba awasiliane na wakubwa wake.

Ndiyo mara ya kwanza kwa miaka minne sentensi ile haikumalizika. Nilimwangalia Lusubilo. Midomo yake ilikuwa imebaki wazi katikati ya neno, haijui iende wapi.

Siku saba zilipotimia, upande wa Jamhuri ukasema hauna nia ya kuendelea na shauri. Hivyo tu. Hakuna aliyesema samahani. Alitoka na mfuko wa nailoni, nikampeleka hospitali moja kwa moja, akaanza dawa za kifua kikuu. Daktari alisema tumewahi, lakini kidogo tu.

Kuhusu mimi, kesi yangu bado ipo. Nilifika mahakamani mwezi uliopita, wakili mwingine kijana akasimama, akasema bila kufikiri, “Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika,” na watu wakaangua kicheko mpaka karani akainamia meza. Nimepewa tarehe. Nitakwenda.

Lakini siku ya kwanza Lusubilo kulala nyumbani, mama alichinja jogoo. Haoni vizuri sasa, alipika kwa kupapasa, akakataa kusaidiwa. Tukala. Lusubilo alikaa karibu na mlango na akaomba tusiufunge, japo baridi iliingia. Alikula polepole, akasafisha sahani mpaka mfupa. Mama akanyoosha mkono kuitafuta ile sahani, akamwuliza kwa upole, kama alivyomwuliza tangu utotoni, “Umemaliza, baba?”

Mdogo wangu akainua macho. Alimtazama mama, akanitazama mimi, halafu akatazama mlango uliokuwa wazi. Nilimwona akilitafuta jibu na kuliogopa.

“Nimeshiba, mama,” akasema.

Mama akangoja, mkono wake bado uko hewani. “Ninachouliza ni kama umemaliza.”

“Nimeshiba,” akasema tena, na mwenyewe akaiweka sahani mkononi mwa mama.